Diski Mpya, Lakini Pedeli ya Breki Imeanza Kudunda Tena

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Premio ya 1.5, naishi Iringa na karibu kila mwezi nashuka Dar kikazi. Mwaka jana pedeli ya breki ilianza kudunda, fundi wangu akanibadilishia diski mbili za mbele pamoja na pedi. Gari likawa zuri kabisa kwa kama miezi minne. Sasa tumerudi palepale: nikikanyaga breki kwenye kasi ya 80 pedeli inanirudisha mguu na usukani unatetemeka, na nikikaribia kusimama nasikia inapiga polepole, tu, tu, tu. Fundi anasema diski zimepinda tena kwa sababu nilinunua za bei nafuu, anataka nilete nyingine. Ninunue?

Jibu: Marahaba, dada. Usinunue bado. Katika maelezo yako kuna jambo moja lenye uzito kuliko mengine yote: gari lilitulia miezi minne, kisha ugonjwa ukarudi kidogokidogo. Diski iliyotoka na kasoro kiwandani ingekuonyesha kasoro yake wiki ya kwanza. Diski inayoanza vizuri na kuharibika taratibu inaharibiwa na kitu kingine, na kitu hicho bado kipo kwenye gari lako. Ukifunga diski nyingine juu yake, utaniandikia tena kabla mwaka haujaisha.

Tuelewane kwanza kinachotokea kule chini. Tukisema diski imepinda, mtu hupata picha ya sahani iliyokunjwa na joto. Mara nyingi ukiipima diski hiyo hukuti imekunjwa popote. Kilichotokea ni kwamba unene wake haulingani kuzunguka duara lote, mahali fulani ni nene, mahali fulani nyembamba. Pedi mbili zikiwa zimeibana, sehemu nene ikipita inazisukuma zifunguke. Pedi inasukuma pistoni ya kalipa, kile kibano kinachobeba pedi, irudi ndani, pistoni inasukuma mafuta ya breki, mafuta yanarudi kwenye masta silinda, na masta silinda inausukuma mguu wako juu. Sehemu nyembamba ikipita, mguu unashuka. Tairi la Premio lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye kasi ya 80 linazunguka kama mara 11 kwa sekunde, na kwenye kasi ya 20 ni chini kidogo ya mara 3. Ndiyo maana ukiwa kwenye mwendo unasikia mtetemo mmoja mfululizo, na ukikaribia kusimama unaweza kuhesabu pigo mojamoja.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa kama milimita 0.1. Tofauti ya milimita 0.02, yaani sehemu ya tano ya karatasi hiyo, inatosha kuufanya mguu uisikie. Huioni kwa macho wala huipapasi kwa kidole. Fundi anayeizungusha diski kwa mkono, akaitazama na kutangaza kuwa imepinda, anakisia, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi. Unene wa diski unapimwa kwa maikromita, na kuyumba kwake kunapimwa kwa saa ile yenye sindano na mguu wa sumaku. Gereji isiyo na vifaa hivi viwili haiwezi kukwambia diski zako zina nini.

Sasa, unene unaharibikaje baada ya miezi minne? Kwa gari lenye historia kama yako, kwanza nawaza diski inayoyumba. Diski ikifungwa ikiwa imeegemea upande mmoja hata kidogo tu, inazunguka huku ikienda kushoto na kulia. Siku ya kwanza hutasikia chochote, kwa sababu kalipa za gari lako zinaelea: zinateleza kwenye pini zake na kuifuata diski inakokwenda, mafuta hayasukumwi, pedeli imetulia. Mteja anajaribu gari, anafurahi, analipa, anaondoka.

Lakini ukiachia breki, pedi haziendi mbali na diski. Zinabaki karibu kabisa, nafasi ya kupita unyoya tu. Diski inayoyumba inazigusa mahali palepale kila inapozunguka, hata wakati hujakanyaga breki kabisa. Kutoka Iringa hadi Dar ni kama kilomita 500, na katika safari hiyo moja tairi linazunguka karibu mara 250,000. Mguso mmoja si kitu. Miguso robo milioni, pamoja na vumbi la barabarani linaloingia katikati, inakwangua mahali pale mpaka panakuwa pembamba kuliko pengine. Ongeza safari za kwenda na kurudi za miezi minne, na hapo ndipo pedeli inapoanza kudunda. Kwa hiyo diski iliharibika ndani ya miezi hiyo, lakini kosa lilifanyika siku ile ile ilipofungwa.

Kwa nini diski mpya iyumbe? Mahali pa kwanza ninapotazama ni uso wa habu, lile duara la chuma lenye bolti tano ambalo diski inaliegemea. Mwambie fundi avue diski mbele yako na uinamie uangalie mwenyewe. Habu ya gari lililotumika miaka kumi na zaidi haina uso laini. Utaona kutu ya rangi ya kahawia iliyojaa katikati ya bolti, na ukichunguza kwenye shingo ya kila bolti kuna kiduara cha kutu kilichoinuka kama ukoko. Kwenye kola ya katikati, pale diski inapoingia kwa kubana, kuna ganda jingine. Fundi mwenye haraka anaigonga diski ya zamani kwa nyundo mpaka itoke, maganda mengine yanadondoka, mengine yanabaki, na diski mpya inayong'aa inavalishwa juu yake hivyohivyo. Ganda la milimita 0.05 upande mmoja wa habu linaifanya diski iegemee. Kwa kuwa diski ni pana kuliko habu, kosa hilo likifika ukingoni linakuwa karibu mara mbili, milimita 0.09 hivi. Na kwa diski za mbele za magari mengi madogo ya Toyota, kitabu cha kiwanda kinaruhusu diski iyumbe milimita 0.05 tu. Umeona basi: diski nzima, ya bei yoyote, imeshavuka kiwango kabla gari halijatoka gereji.

Dawa yake ni rahisi mno na inaniuma kila ninapoona haikutumika. Brashi ya waya na msasa, dakika ishirini kila upande, mpaka uso wa habu uwe chuma kitupu kote, shingo za bolti zikiwamo. Futa kwa kitambaa kikavu. Pakaza grisi nyembamba sana kwenye kola ya katikati pekee ili siku nyingine diski isigande. Usipake grisi kwenye uso wenyewe ambapo diski inaegemea, na isifike kabisa kwenye sehemu inayobanwa na pedi. Safisha pia sehemu ya ndani ya diski inayokaa kwenye habu, na mgongo wa rimu, kwa sababu uchafu wa hapo nao unaibana diski isivyo sawa. Na nyundo iwekwe kando: diski nyingi za Toyota zina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Ukiingiza bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, diski inajisukuma yenyewe kutoka kwenye habu bila kipigo.

Jambo la pili ni nati za tairi. Naomba ujiulize ni mara ngapi ndani ya miezi hiyo minne ulipita kwa fundi wa pancha. Wengi wao hutumia mashine ya upepo, na nati ya kwanza inakazwa mpaka mwisho kabla nyingine nne hazijaguswa. Barabarani ambako hakuna mashine, kijana anasimama juu ya wili spana na kurukaruka. Nati moja inakuwa imekazwa mara mbili ya jirani yake, na diski iliyobanwa katikati ya rimu na habu inavutwa upande huo. Ukiendesha hivyo, breki zikapata moto na kupoa mara kadhaa, inaanza kuyumba hata kama habu ni safi kama sahani ya kulia.

Kiwango cha Toyota kwa nati za magari ya aina yako ni nyutoni-mita 103. Zinakazwa kwa kuvukana: ya juu, kisha moja ya zile mbili za chini upande wa pili, namna ya kuchora nyota, kwa awamu mbili au tatu, na mwisho kwa spana ya torki ambayo hulia ikifika kiwango ulichoiwekea. Gharama ya spana hiyo si kubwa ukilinganisha na jozi ya diski, na kwa mtu anayesafiri kama wewe ningependa uwe na yako kwenye buti. Ukishindwa, mwambie fundi wa pancha aziingize kwa mkono, kisha azikaze kwa wili spana ya kawaida, kwa nguvu ya mkono tu, kwa mtindo wa nyota. Wala usione haya kusimama pale na kumwambia mashine ya upepo hutaki.

Sasa nije kwenye mteremko wa Kitonga, kwa sababu wewe unaushuka. Ukitoka Iringa, baada ya Ilula barabara inaanguka kwenye kona moja baada ya nyingine, mbele yako kuna lori linalotambaa, na mguu wako uko juu ya breki muda wote. Breki zinapokuwa zimebanwa kidogokidogo bila kuachiwa, joto halipati nafasi ya kutoka. Pedi ya moto sana inaanza kupaka mabaki yake juu ya diski. Kisha unafika chini, pengine kuna foleni, au unasimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, na unakaa pale mguu ukiwa umeikandamiza pedeli. Pedi inabaki imebana sehemu moja ya diski yenye moto na kuacha alama yake pale, tabaka jembamba la mabaki lenye umbo la pedi. Kuanzia hapo sehemu ile ni nene kidogo na ina mshiko tofauti. Ukiendelea kuitumia, inapata moto kuliko sehemu nyingine, na chuma chenyewe kikivuka joto la kama nyuzi 650 za Selsiasi kinabadilika pale na kuwa kigumu zaidi. Vidoa hivyo vigumu, vyenye rangi ya bluu-bluu au kijivu kilichokolea, vina mizizi: hata ukiichonga diski juu juu, baada ya muda vinainuka tena kwa sababu vinalika polepole kuliko chuma kinachovizunguka.

Kwa hiyo mteremko ule uushuke kwa gia. Kwenye gari la otomatiki toa gia kutoka D, weka 2, au L pale panapokuwa pakali. Magari yenye gia za CVT, zile za otomatiki zisizo na hatua, huwa na B au S kwa kazi hiyohiyo. Fanya hivyo juu, kabla hujaanza kushuka, ukiwa na mwendo mdogo. Injini itapiga kelele kidogo, iache, haiumii ilimradi mshale wa mizunguko haujafika kwenye mstari mwekundu. Breki ikihitajika, kanyaga kwa uhakika upunguze mwendo, kisha achia kabisa zipumue. Ukifika chini usisimame papo hapo, endesha taratibu kilomita mbili tatu breki zipigwe upepo. Ukilazimika kusimama kwenye foleni, acha nafasi mbele yako ili usogee kidogokidogo badala ya kuganda mahali pamoja. Ukiegesha breki zikiwa za moto, weka P na jiwe la kuzuia tairi, na hendibreki usiivute kwa nguvu, maana dramu za nyuma, zile breki za umbo la ngoma, nazo zikipoa huku zimebanwa zinaweza kupoteza uduara wake. Na yule kijana wa kuosha gari anayekimbilia kumwagia rimu maji baridi, mwambie asubiri.

Pini za kalipa nitazipitia kwa ufupi. Kila kalipa ina pini mbili zinazoiwezesha kuteleza. Zikikauka au mpira wa kuzuia vumbi ukichanika, kalipa inaganda, pedi ya upande mmoja inabaki imebana, na diski inapata moto bila sababu. Zivute, zifute, zipake grisi ya breki ya silikoni, zirudishe. Grisi ya kawaida ya beringi ivimbishayo mpira isitumike hapo. Ukikuta pedi ya ndani imelika sana na ya nje bado nene, au kinyume chake, umeshapata ushahidi kwamba kalipa haitelezi, au pistoni yake imekwama.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha ugonjwa uko mbele. Usukani wako unatetemeka, na hiyo ni dalili kubwa ya magurudumu ya mbele, ila nyuma nako kuthibitishwe. Premio yako ya 1.5 kwa kawaida ina dramu nyuma, na hendibreki inabana lainingi (pedi za ndani ya dramu) zilezile za breki ya mguu. Kama hendibreki yako ni ya kuvuta kwa mkono, tafuta barabara tupu, kavu na iliyonyooka, nenda kasi ya 40, bonyeza kitufe cha hendibreki ukishikilie, na uivute taratibu bila kugusa breki ya mguu. Kitufe kisiachiwe hata kidogo, ili uweze kuishusha mara moja gari likianza kuvutika. Ukisikia kudunda kwenye kiti na mwili wa gari, dramu za nyuma hazina uduara kamili na zinahitaji kukerezwa. Kukiwa shwari, rudi mbele. Hendibreki ya kukanyaga kwa mguu usiijaribu hivi. Na kwa msomaji mwenye diski nyuma, jaribio hili halitamsaidia sana, kwa kuwa magari mengi ya namna hiyo yana hendibreki yenye lainingi zake ndogo peke yake ndani ya diski.

Kuna pia mdundo wa ABS, mfumo unaozuia tairi zisikwame ukifunga breki, ambao si ugonjwa. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye kokoto au lami yenye maji, pedeli inatetemeka haraka sana na unasikia mkwaruzo wa mota kwenye boneti: mfumo unafanya kazi yake, usiachie mguu. Lakini ikitokea kwenye lami kavu, unasimama kwa upole, na mtetemo unakuja mita za mwisho tu kabla gari halijatulia, kagua sensa za magurudumu na pete zake za meno. Kutu au ufa kwenye pete unaidanganya kompyuta kwamba tairi limekwama. Wewe dalili zako zinaanzia kwenye 80 na kufuata mwendo wa tairi mpaka chini, kwa hiyo sikuweki kwenye kundi hili.

Sasa kazi yenyewe, kwa utaratibu ambao ningeufuata gari lako likiwa mbele yangu. Gari likiwa limekaa kwenye stendi imara, kwanza nashika kila gurudumu, kabla ya kulitoa, juu na chini na kulitikisa. Likicheza, beringi au bolijointi ina tatizo, na hakuna kipimo cha diski kitakachokuwa cha kweli mpaka hilo limalizwe. Kisha natoa tairi, nafungua kalipa na kuining'iniza kwa waya, isibebwe na mpira wake wa mafuta. Diski ikiwa bado mahali pake naikaza kwa nati zote tano, zikiwa na washa chini yake, na nakaza sawasawa. Saa ya sindano naifunga kwenye shokapu kwa sumaku, ncha yake ikae kama milimita 10 kutoka ukingo wa diski, na naizungusha polepole duara zima. Tofauti kati ya namba ya juu na ya chini ndiyo kuyumba kwa diski. Naandika. Kisha kwa maikromita napima unene sehemu nane kuzunguka duara, umbali uleule wa milimita 10 kutoka ukingoni. Naandika tena. Mwambie fundi wako akuandikie namba hizi kwenye karatasi kwa kila upande, kabla ya kazi na baada ya kazi. Mtu aliyepima hataona tabu kukupa karatasi.

Kabla ya kutoa diski, naweka alama ya chaki kwenye bolti moja na kwenye tundu lake, kisha naitoa, nasafisha habu kama nilivyoeleza, narudisha diski na kupima upya. Mara nyingi kuyumba kunashuka hapohapo. Kama bado, naitoa diski na kuihamisha tundu moja mbele, napima, nahamisha tena. Kasoro ndogo ya habu na kasoro ndogo ya diski zinaweza kujumlishana katika nafasi moja na kupunguzana katika nafasi nyingine, na kwa matundu matano una nafasi tano za kuchagua. Ile yenye namba ndogo kabisa ndiyo ya kudumu. Kazi hii haina gharama ya spea hata moja.

Unene sasa. Diski zako zina miezi michache tu, kwa hiyo bila shaka bado zina nyama ya kutosha. Kila diski imeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, herufi MIN TH na namba yake, ama ukingoni ama kwenye kofia ya katikati. Zikiwa juu ya namba hiyo kwa nafasi nzuri, zipeleke kwa fundi mkereza vyuma zikachongwe, kushoto na kulia kwa pamoja. Mkereza apewe maagizo: kabla ya kuifunga kwenye mashine asafishe ule uso wa ndani unaokaa kwenye habu, na diski iegemee hapohapo ikikatwa. Akiikamata kwa ukingo wa nje bila kujali uso huo, mashine yake itachonga kuyumba kupya ndani ya diski. Akate kidogokidogo, pande zote mbili, na amalizie kwa msasa ili mistari ya kisu ivunjike. Ukiona vile vidoa vya bluu vimebaki baada ya kukata, diski hiyo iache, hapo nakubaliana na fundi wako kwamba inunuliwe mpya. Zikitoka kwa mkereza zioshwe kwa maji ya moto na sabuni na kukaushwa, maana vumbi la chuma lililobaki litaingia kwenye pedi. Pedi zenyewe, kama bado nene, zisuguliwe juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo au bati lililonyooka mpaka uso wote uwe mpya. Zikiwa zimeungua na kuwa na mng'ao kama kioo, au zina nyufa, nunua nyingine.

Baada ya hapo usilikabidhi gari kwenye safari ya Dar moja kwa moja. Diski na pedi zinahitaji kuzoeana. Kwenye barabara isiyo na magari, nenda kasi ya 60, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani mpaka 10 hivi, achia kabla hujasimama, ongeza mwendo tena. Rudia mara nane mpaka kumi, ukiacha nusu dakika kati ya moja na nyingine, kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki sana ili zipoe. Wakati wote huo usisimame na kukandamiza pedeli. Zoezi hili linapaka tabaka jembamba la pedi linalolingana kwenye diski nzima, badala ya kuacha doa mahali pamoja. Zikipita siku chache nati zikaguliwe tena kwa spana ya torki.

Kuhusu hoja ya bei nafuu, fundi wako hajakosea kabisa. Kuna diski za chuma dhaifu zinazoanza kuharibika mapema, na kuna pedi za kughushi zilizojaa madukani zikiwa kwenye boksi lenye jina kubwa. Pedi mbaya inaungua kwa joto dogo na kupaka mabaki yake ovyo kwenye diski, kwa hiyo ukiwa na fedha ya kuchagulia, ningeitia kwenye pedi nzuri kabla ya diski za gharama. Lakini diski ya bei yoyote ile ikifungwa juu ya habu yenye kutu itayumba vilevile.

Kuendesha gari wakati unasubiri kazi hii, mjini unaweza, kwa mwendo wa kawaida na nafasi kubwa mbele yako. Kitonga usiishuke mpaka litengenezwe. Na gari liegeshwe kabisa ukiona pedeli inazama kuelekea sakafuni, gari linavuta upande mmoja ukikanyaga breki, unasikia chuma kinasaga chuma, au diski ina ufa unaoanzia ukingoni. Pedeli ikiwa laini kama sponji baada ya mteremko mrefu, ni mafuta ya breki yaliyochemka. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 140. Kama hujayabadilisha ndani ya miaka miwili, wakati kalipa ziko nje ni nafasi nzuri ya kuyamwaga na kuweka mapya.

Limebaki jambo moja linaloweza kutokea. Umesafisha habu, umehamisha diski nafasi zote tano, na saa bado inaonyesha zaidi ya milimita 0.05 kila nafasi. Hapo fundi aivue diski na aiweke ncha ya saa juu ya uso wa habu yenyewe, karibu na ukingo wake. Kiwango cha Toyota hapo nacho ni milimita 0.05. Habu ikiyumba zaidi ya hapo, imepinda, pengine kwa kuingia shimo kubwa siku fulani au kwa kupigwa nyundo wakati wa kubadilisha beringi. Hiyo fedha uliyoitenga kwa ajili ya diski, nunulia habu na beringi ya upande huo.